Miezi Sita na Kadi ya Akoth

Mimi ni mtu wa mdomo. Shule nilikaa mpaka darasa la pili, nikajua kuandika jina langu, na hata hiyo jina nikiandika herufi zinalaliana kama walevi. Kwa hivyo hapa mimi naongea, mtu mwingine anaandika. Ni nani, nitawaambia tukifika. Nimemwambia asiniwekee maneno ya daktari, aandike venye natoa, na akichoka aseme tuweke chai.

Naongea na wewe mwenye unakohoa ukijificha. Ukienda kanisa unakaa nyuma karibu na mlango, ndio kikohozi ikianza ukimbie nje. Unaambia watu ni vumbi. Mimi pia niliambia watu ni vumbi, kutoka Krismasi mpaka mawingu ya Machi. Mvua ikanyesha, vumbi ikaisha, na mimi bado nakohoa. Nguo zikaanza kunikataa. Ile sketi ya Sabato yenye ilikuwa inanibana nikaimba kwa shida, nikawa naifunga na kamba ya mbuzi.

Kwetu ni kati ya Homa Bay na Migori, ndani kidogo kutoka lami. Mzee wangu tulishamzika. Boma imebaki na mimi na vijana wangu wawili: Ochieng', mkubwa, mwenye anachimba dhahabu huko Osiri na kurudi Ijumaa, na Omondi, mdogo, mwenye analima hapa na mke wake. Halafu kuna Akoth, binti ya Ochieng', miaka kumi na sita. Mimi ananiita Dani, ndio nyanya kwa lugha yetu.

Akoth ni mrefu, mrembo, na hapendi kuguswa. Wakati huo, maneno yake ya siku nzima ungeweka kwa kiganja na nafasi ibaki. Anapenda kitu ikae mahali yake. Vijiko anapanga kwa urefu. Ukihamisha kikombe analia mpaka kikombe irudi. Watu wa hapa walikuwa wanasema ulimi yake imefungwa na chira. Chira ni ile mkosi inaingia kwa boma mtu akivunja mpangilio ya wazee. Na kwa sisi mpangilio kubwa ni ya kupanda: mvua ikija, mama wa boma anaweka mbegu kwanza, ndio vijana na wake zao wafuate. Mke wa kijana akitangulia mama mkwe, hiyo si jambo ya kucheka.

Mwaka Akoth alizaliwa, mama yake alitangulia kupanda. Hiyo kila mtu alijua. Mama yake tunamwita nyar Mfangano, binti wa Mfangano, kile kisiwa cha ziwani, kwa sababu ndiko alitoka kuja kuolewa. Mtoto alipofika miaka mitatu bila kusema kitu, lawama ikakaa juu ya nyar Mfangano, na haikutoka. Kwa matanga, kwa kisima, kwa meza ya chakula.

Sasa nilipoanza kukohoa mbaya, Omondi akasema chira imefika kwa Mama mwenyewe. Ochieng' kurudi Ijumaa, akamfokea mke wake mpaka kuku wakahama boma. Nyar Mfangano alitia nguo kwa mkoba, akashika mkono ya Akoth. Akoth akashika mlango. Mtoto huyu huwezi kumtoa kwa nyumba yake ghafla namna hiyo, na mama yake alijua kuliko sisi wote. Akamwachilia. Akaenda kwa mama yake Mfangano, akaacha patipati zake, zile ndala za mpira, hapo mlangoni.

Kutoka hiyo siku, kila asubuhi Akoth alikuwa anapanga hizo patipati, vidole vikiangalia nje, upande wa barabara. Mimi nilikuwa naona na nanyamaza. Mimi, kunyamaza. Hapo ungejua kuna kitu.

Nilienda hospitali Homa Bay wiki hiyo, na Akoth nikaenda naye kwa sababu ningemwachia nani. Nikapewa kikopo nitemee ndani. Ukitaka kujua aibu, kohoa kwa kikopo na watu wamepanga foleni wakikuangalia. Siku ya majibu, sista wa kifua, mama mmoja mnene mwenye kicheko karibu, akaniambia ni kifua kikuu, dawa ni ya miezi sita, kila siku bila kuruka, na nitapona. Hiyo ya mwisho mimi sikusikia. Nilisikia tu hiyo jina. Nikafikiri watu watavuta viti mbali na mimi.

Akatoa kadi. Kadi iko na maboksi madogo madogo, boksi moja siku moja. Akauliza, nyumbani nani ataangalia ukimeza na kuweka alama? Kabla nifungue mdomo, Akoth alikuwa ameinua kadi kutoka kwa meza. Aliiangalia venye mtu anaangalia picha ya arusi. Maboksi yamepangwa sawa, mstari chini ya mstari. Sista akamwangalia, akaniangalia, akamwambia Akoth, "Basi kazi ni yako, dada."

Wewe ukipewa mtu wa kukuangalia, omba upewe mtu kama Akoth. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si na dakika moja, anasimama kando ya kitanda na maji kwa kikombe ya bluu. Hasemi kitu. Anaangalia koo yangu mpaka dawa ishuke. Halafu anachukua kalamu, anaweka alama, anasema, "Bado." Kila siku hiyo moja tu: bado. Siku moja nilidanganya, nikaweka tembe chini ya ulimi kwa sababu tumbo ilikuwa inanichafuka. Alikaa hapo amesimama mpaka tembe ikayeyuka kwa uchungu yake yote. Sikurudia.

Wacha nikuambie na ya mkojo, kwa sababu mimi hakuna mtu aliniambia. Siku ya pili nilienda choo nikatoka mbio. Mkojo ilikuwa rangi ya Fanta. Nikaita boma yote nikiwaaga. Nilikuwa nimeshachagua nguo ya kuzikwa, ile ya kijani, ndio nikakumbuka sista alisema kitu kuhusu rangi nikiwa nalia. Ni dawa tu. Usiage watu.

Wiki ya pili ya dawa, mvua ya kupanda ikakubali. Udongo ilikuwa tayari, Omondi amelima, Ochieng' ameomba ruhusa Osiri akaja, na wote wamesimama na majembe wakiningoja. Hawawezi kuweka mbegu kabla yangu, na mimi hata kusimama nikakojoe nilikuwa nashikilia ukuta. Wakakubaliana wanibebe. Vijana wangu wawili wakaniinua kwa kiti ya plastiki, mmoja huku mmoja huku, wakanipitisha kwa boma kama mheshimiwa ameshinda kura. Mimi na barakoa yangu kwa mdomo, Akoth nyuma na kopo ya mahindi. Wakachimba mashimo matatu, nikaangusha mbegu tatu nikiwa nimekaa. Omondi akasema asante Mama, sasa chira haitatupata. Nikaangalia pahali nyar Mfangano huwa anasimama na jembe yake, nikawaambia wanirudishe ndani.

Aprili, mwezi wa nne, ndio nilikutana na hiyo sinema.

Watu wa kifua tunangojea nje, kwa kibanda cha mabati kisicho na ukuta upande moja, ndio upepo ituchukulie kikohozi. Juu kuna televisheni imefungiwa kwa wavu ya chuma kama kuku wa kuuzwa. Sista alikuwa na sinema kwa flashi yake, moja tu, na kila siku ya kliniki anaianzisha tukishajaa kwa benchi. Ni ya hapa Kenya, Kiswahili. Kuna kijana wa kama miaka kumi na tano, haongei, anapanga vifuniko ya soda kwa dirisha. Nikamgusa mama wa kando yangu nikamwambia, "Huyu ni Akoth wangu amevaa suruali." Na baba ya huyo kijana ni mtu wa makelele. Anakunywa, anarudi, anauliza nani amekula chakula yake, anamwambia mke wake kwamba ni yeye aliharibu mtoto. Kila siku ni yeye, ni yeye, ni yeye. Mke akaanza kutia nguo kwa mkoba. Hapo wakaita namba yangu.

Niliingia kupimwa kilo nikiwa bado naangalia nyuma, kwa televisheni.

Sasa sikia. Mwaka ule wa kupanda, mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa Osiri, nauzia wachimbaji chapati na maharagwe, na biashara ilikuwa tamu. Mvua ikanyesha. Kurudi nyumbani kupanda nikaona ni kupoteza wateja. Nikampigia nyar Mfangano simu, tumbo yake iko hapa mbele, nikamwambia, "Panda tu, mimi nitakuja kupanda baadaye. Nani ataona?" Akapanda. Na wakati wazee waliuliza nani alivunja mpangilio, wakaniangalia, nikasema sijui, nilikuta amepanda.

Anayeandika amesimamisha kalamu hapa. Nimemwuliza kama tuache. Amesema niendelee.

Basi hiyo ndiyo nilikuwa nimebeba miaka yote, na hapo kwa kibanda nikaiona kwa televisheni, imevaa shati ya mwanaume na imelewa.

Mwezi wa tano, sinema inaanza upya, tunafika pale mama anatia nguo kwa mkoba, namba yangu. Mwezi wa sita, mkoba, namba yangu. Kila mara Akoth anabaki kwa benchi, mimi naingia. Nikitoka, sinema imeisha, watu wamesimama wakinyoosha miguu, na nikiuliza iliishaje, wananiambia, ah, iliisha vizuri. Vizuri gani sasa. Mimi nilikuwa nataka kujua yule baba alifanya nini.

Nyumbani Akoth akaanza kutoa sinema kwa mdomo yake. Alikuwa anaosha sufuria, ghafla sauti ya baba mlevi inatoka, nzito hivyo. Sabato moja mzee wa kanisa alikuja kuniombea. Ameinamisha kichwa, ameshika uji yake, na nyuma ya pazia mwanaume akanguruma, "Nani amekula chakula yangu? Hii nyumba ni ya nani?" Mzee akaweka uji chini polepole, akaanza kutafuta kofia yake. Nilicheka mpaka nikakohoa, na hiyo kikohozi ilikuwa kavu, tamu, ya mtu anapona. Wakati huo makohozi yalikuwa yamepimwa tena, hakuna kitu. Nilikuwa nakula kama mfungwa ametoka. Kamba ya mbuzi nilirudishia mbuzi.

Mwezi wa saba nikaamua. Mwanaume wa nyuma yangu nikampa namba yangu, nikachukua yake ya mwisho kabisa. Nikakaa. Kijana na vifuniko, baba na makelele, mama na mkoba. Mama akatoka. Kijana akakaa kwa dirisha siku ya kwanza, siku ya pili. Hiyo yote sikuwa nimeona. Baba anatembea barabara anamtafuta mke wake, amefika kwa mlango, amenyanyua mkono abishe.

Stima ikapotea.

Kibanda yote ililia. Mimi nilikaribia kukamata hiyo wavu kwa meno. Na ndio nikasikia kando yangu, hodi hodi hodi, mtu anagonga benchi na kidole. Akoth. Macho yake iko kwa televisheni nyeusi, na sauti ya baba inamtoka, lakini si ile ya kunguruma, ni ingine ndogo. Halafu sauti ya mama. Halafu baba tena. Alikuwa ameona huo mwisho mara tatu mimi nikiwa ndani napimwa, na alikuwa nao wote, mpaka mlango ilivyolia. Watu thelathini wa kifua, hakuna hata mmoja alikohoa. Akasema, na hii nitakufa nayo:

"Nilikosea. Uchungu ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe."

Akangoja kidogo, venye sinema inangoja. Akasema, "Mwisho."

Watu wakapiga makofi, akaziba masikio. Mama mmoja akawaonyesha wanyamaze, wote wakainua mikono juu wakaitikisa tu bila sauti, na Akoth akaangalia hiyo mikono, akatabasamu kwa pembe ya mdomo. Mimi nilikuwa nalia ndani ya barakoa, na barakoa ikilowa haivutiki pumzi, usijaribu.

Siku hiyo sista alikaa na sisi. Akaniambia kitu Akoth yuko nayo inaitwa usonji, si ugonjwa ya kuambukiza, si mtu amerogwa, anazaliwa nayo tu, na kuna wengi. Nikamwuliza, haiwezi kuletwa na mahindi? Akadhani nauliza chakula. Akasema, "Hapana, mama, mahindi mpe tu."

Mwezi wa nane nikachora boksi kubwa kwa kando ya kadi, nikachora boti ndani, inafanana na kiatu lakini Akoth alielewa. Siku saba kabla, kila asubuhi namwonyesha hilo boksi. Hiyo ni kitu nakupa bure wewe mwenye una mtoto kama huyu: usimburute, mwonyeshe siku kabla ifike. Ilipofika akavaa viatu mwenyewe. Tukaenda Mbita, tukavuka.

Nyar Mfangano tulimkuta ufuoni na wanawake wengine, anageuza omena, wale dagaa wa ziwa, kwa nyavu. Alimwona Akoth kwanza. Hakumkumbatia, anamjua. Alinyoosha kiganja, Akoth akaweka chake juu, kidogo tu, akatoa. Mimi akanisalimia kwa adabu, "Mama, umefika," akarudi kwa omena.

Nilikuwa nimejipanga njia yote. Sasa nikifungua mdomo, zinatoka habari zingine. Nikamwambia boti ilivyoyumba. Nikamwambia mbuzi amezaa. Nikamwambia kilo zangu. Nikafika mpaka ile ya Fanta. Akainuka, akapangusa mikono.

"Mama, umevuka hii maji yote kuniletea habari ya mkojo?"

Wanawake wa omena wakageuza nyuso ndio wacheke. Na mimi nikasema hapo hapo, mbele yao:

"Mimi ndiye nilikupigia simu. Nilikuambia panda, halafu nikakukana. Akoth hana chira, na wewe huna. Nilikuwa naogopa nisemwe mimi."

Aliinama, akageuza omena mbili tatu.

"Mimi najua ulinipigia," akasema. "Mimi ndiye nilishika simu. Hapa unaambia mimi na omena, na omena haiwezi kunisaidia. Nenda useme kule."

Tukalala kwao siku moja, tukala samaki, tukarudi bila yeye. Patipati zikaendelea kuangalia barabara.

Mvua ya pili ikaja mwisho wa mwezi huo, dawa ikibaki wiki moja. Nikampigia simu, nikamwambia tarehe ya kupanda. Sasa hapo nisikudanganye, nilikuwa naogopa kuliko siku ya kikopo. Dawa unameza ukiwa umefunga macho. Hii unameza watoto wako wakikuangalia.

Asubuhi hiyo nilitembea kwa miguu yangu mpaka shambani. Ochieng' na Omondi wamesimama na majembe, mke wa Omondi na mbegu. Nyar Mfangano akatokea kwa njia, akasimama pembeni ya shamba, mkoba bado kwa bega. Hakuweka chini.

Nikaongea. Ndio mara moja kwa maisha yangu nimeongea kidogo. Nikasema simu, nikasema chapati, nikasema wazee na venye niliwajibu. Ochieng' akakaa chini kwa mtaro na suruali safi. Omondi akauliza, polepole, "Na chira, Mama?"

"Chira gani. Mtoto alizaliwa venye alizaliwa. Kitu ilikuwa mgonjwa kwa hii boma ni mdomo yangu, na hiyo hata sista hana dawa yake."

Nikainama, magoti yakalia, nikaweka mbegu zangu tatu, nikafunika, nikasogea kando nikamwangalia nyar Mfangano, kwa sababu baada yangu ni yeye. Hiyo dakika ilikuwa ndefu kuliko miezi sita. Halafu akateremsha mkoba kutoka kwa bega, akauweka juu ya jiwe ndio usishike matope, akamwambia Ochieng', "Toka hapo chini, nipe jembe."

Akoth alikuwa ameshakimbia kwa nyumba. Nilimkuta baadaye ameinama mlangoni. Patipati alikuwa amezigeuza, vidole vinaangalia ndani.

Isiwe unafikiri yote ilikuwa asali. Ochieng' hakuongea na mimi wiki mbili, na haki ni yake. Kwa mke wake alianza na kurekebisha mabati ya jikoni, kwa sababu yeye si mtu wa maneno, hiyo hakurithi kwangu. Nyar Mfangano alikubali mabati, akamwambia bado. Walicheka wote wawili, kwa sababu hiyo neno ni ya nani, kila mtu kwa nyumba anajua.

Siku ya dawa ya mwisho tulikaa wote kuangalia. Saa kumi na mbili na nusu, kikombe ya bluu. Nikameza. Akoth akaweka alama kwa boksi ya mwisho, na sisi wote tumengojea aseme mwisho, kama sinema. Hakusema. Aligeuza kadi, akapiga mstari kwa rula, akachora maboksi mapya, sawa sawa, akarudi nyuma mpaka ile siku ya kupanda, akaweka alama, moja, moja, moja, mpaka hiyo asubuhi. Nikamwuliza hizi ni za nini, dawa imeisha. Akaonyesha na kalamu.

"Mama," akasema.

Ni siku ambazo mama yake yuko nyumbani.

Ile kadi ilijaa, sasa ni daftari. Na huyu anayeniandikia ni nyar Mfangano mwenyewe, alisoma mpaka darasa la nane, herufi zake zinasimama wima. Ningeongeza mengi, ile ya uji ya hospitali sijagusa. Lakini kalamu kwa hii nyumba ni moja, na Akoth amesimama hapa mlangoni anaiangalia. Saa yake imefika. Mpe, mama Akoth, aweke alama.